Binti Kachagua Muziki, Presha Kaniachia Mimi

Jamani sogeeni kidogo hapa kwa Mangi, nina neno. Wewe wa soda usikimbie, chupa yenyewe si ya kurudisha? Mnamjua Neema wangu. Yule aliyemaliza kidato cha sita. HGL. Historia, Jiografia na Kiingereza. Kafaulu vizuri tu. Mimi kichwani nilishapanga zamani: mwanasheria. Sheria ikijaa, basi ofisi yoyote yenye kiyoyozi. Mtaa mzima niliutangazia. Hata mama wa chapati anayenidai nilimwambia avute subira, kwangu kunakuja wakili.

Sasa binti kanikalisha kwenye kochi. Anataka kusomea muziki.

Nikacheka. Mama yake hakucheka. Hapo hapo nikajua kikao kilishakaa. Kwangu vikao vinakaa bila mimi. Mimi naletewa maazimio na bili.

Halafu tuelewane. Muziki mie naujua. Miaka yote hii nafungua redio za watu. Besi naijua. Trebo naijua. Spika ikikohoa, nasikia toka barabarani kwamba koni imechanika. Bendi ikija kupiga harusi mtaani, wananiita mimi nikashike ule waya usiguse bati. Kwa hiyo msinione mshamba. Kitu ambacho hakuna mtu alijali kuniambia ni kwamba muziki nao unasomewa miaka mitatu, na ukimaliza bado hujamaliza.

Na tabu yenyewe siyo kusomea. Tabu ni wapi. Mtoto kaja na daftari, kapiga mstari katikati ya ukurasa kwa rula.

"Baba, njia ziko mbili. Kuna chuo cha muziki chenyewe. Kule unashinda na ala yako. Mwalimu anakaa na wewe peke yako, anakushika mkono, anakuambia kiwiko kiko juu. Halafu kuna chuo kikuu chenye idara ya muziki. Kule unapiga, lakini unasoma zaidi. Nadharia, historia, utafiti. Unaandika."

"Kipi bei rahisi?" nikauliza.

Kimya. Mama yake akaangalia dari. Swali la maana kabisa, lakini nyumba ile baba akiuliza bei anaonekana hapendi watoto.

Sasa hapo lazima niwasimulie habari ya fidla, maana ndiyo iliyoleta balaa lote. Neema tangu shule ya Jumapili anapiga kinanda kanisani. Kinanda hakina neno. Kina volyumu, unapunguza. Mwalimu wa kwaya, mtu mwema, Mungu ambariki huko huko aliko, akamwazima fidla. Fidla haina volyumu! Nimeikagua mwenyewe. Nimeigeuza chini juu. Haina swichi, haina kitufe, haina pa kuchomeka chochote. Na sisi tumepanga vyumba viwili, ukuta hauendi mpaka juu. Mtoto anavuta upinde, noti moja, ndefu, mpaka upinde uishe. Anarudia ile ile. Inalia kama mlango wa choo cha uani. Bi Mwajuma wa chumba cha pili kaja kuniuliza kama siku hizi nafuga kitu. Nikamwambia ni muziki. Akanishika bega. "Pole, Baba Neema." Pole! Hata nilipofiwa yule mama hakunipa pole yenye uzito ule.

Ukimuuliza Neema kwa nini asipige wimbo tujue moja, anasema noti ndefu ndiyo zoezi. Fidla haina alama za kukuonyesha pa kuweka kidole, sio gitaa. Kidole kikisogea upana wa punje ya mchele, noti imeharibika. Kwa hiyo unatafuta kwa sikio, kila siku, mpaka mkono ukariri. Nikamwambia basi tuchore alama kwa kalamu, ninayo ya kuandikia namba kwenye redio. Mama yake akaiondoa ile fidla mkononi mwangu taratibu, namna unavyomnyang'anya mtoto kisu.

Siku nyingine naokota karatasi yake ya kwaya, nataka nionyeshe nia. Naangalia. Herufi tupu. d, m, s, halafu vidoti, halafu vistari. Nikamwambia, mama, mwandiko wako umeharibika, ulikuwa unaandika vizuri darasa la pili. Kumbe ndiyo wimbo wenyewe! Wanaita tonic sol-fa. Mwingereza mmoja, John Curwen, aliueneza mtindo huo karne ya 19, wamisionari wakaubeba, na kwaya zetu mpaka leo ndiyo chakula chao. Mtoto anashika karatasi mpya, anaimba sauti yake bila kukosea huku anamenya viazi. Haya. Sasa chuo cha muziki kinataka nota za mistari mitano, zile zenye vichwa na mikia. Na kuna mitihani ya kutoka London, ABRSM, iko toka 1889, gredi ya kwanza mpaka ya 8. Yaani mtu kaimba tangu meno ya utotoni, halafu anaambiwa hajui kusoma. Mimi ambaye sijui zote mbili sikuambiwa chochote. Hakuna aliyehangaika.

Nikataka historia ya hivi vyuo vya muziki, maana mimi sinunui kitu bila kujua kimetoka wapi. Neema akanisomea. Vilianzia Naples, Italia, karne ya 16. Vilikuwa nyumba za kulelea yatima. Watoto wanafundishwa kuimba na kupiga ala, wanapelekwa makanisani na kwenye misafara, nyumba inapata chochote.

"Yatima?" nikasema. "Mimi si niko hai?"

Mama Neema akaniangalia namna ya mtu anayepiga hesabu. Sikuipenda ile hesabu.

Baadaye Wafaransa wakafungua cha serikali pale Paris, mwaka 1795, ndiyo wengine wakaiga. Na vyuo vikuu? Huko zamani Ulaya vilikuwa vinafundisha muziki fungu moja na hesabu, jiometria na elimu ya nyota. Unasoma muziki bila kushika hata filimbi! Hapo moyo wangu ukatulia kabisa. Muziki wa kimya. Muziki ambao Bi Mwajuma hatausikia. Nikasema huku ndiko tunakokwenda, chuo kikuu, mjadala umefungwa.

Mjadala haukufungwa. Siku ya pili tukapanda daladala mpaka Mlimani tukaone.

Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mimi nilifikiri ni jengo. Sio jengo, ni mji wenye vilima. Nimetembea mpaka soli ya kiatu ikafungua mdomo. Nimeona Nkrumah Hall, ile yenye paa la mikunjo iliyokuwa kwenye noti ya zamani ya shilingi mia tano ya karatasi, nikasimama nikaiangalia kwa uchungu maana noti zenyewe sina. Nimeona maktaba mpya waliyojengewa na Wachina, iliyofunguliwa 2018, wanasema inaingiza watu 6,000 kwa mpigo. Nikamsimamisha kijana mmoja. "Mwanangu, muziki uko wapi?" Akasema, "Shikamoo mzee. Muziki ni Ijumaa usiku." Neema akajifanya hanijui. Alitembea mbele yangu mpaka idarani.

Kijana wa mwaka wa pili akatuelewesha, mpole, kavaa miwani. Ni shahada ya kwanza, miaka mitatu. Kuna nadharia ya muziki. Kuna historia. Kuna kitu kinaitwa etnomusikolojia, ambapo unakwenda kijijini na kinasa sauti, unamuuliza bibi kwa nini ngoma hii inapigwa mavuno na siyo msibani, unarudi unaandika kurasa nyingi. Halafu kuna Masomo ya Maendeleo, hayo kila mtu anasoma, hata kama ulikuja na zeze. Nikafurahi. Hayo ndiyo masomo sasa! Maendeleo! Mtu akiniuliza binti anasoma nini, nitataja hilo.

"Na kupiga?" Neema akauliza.

"Kupiga kupo. Lakini saa za kukaa na ala yako unazitafuta mwenyewe, kati ya kazi za kuandika."

Neema akaandika kwenye daftari. Mimi nikaandika mkononi: Maendeleo.

Wiki iliyofuata eti sasa twende tukaone upande wa pili. Zanzibar. Kule kuna Dhow Countries Music Academy, DCMA, kipo Mji Mkongwe toka 2002. Boti ya kasi kwenda Unguja ni kama saa mbili. Kwa abiria wengine. Kwangu mimi ilikuwa kifungo. Nilipita Chumbe sina tena kitu tumboni. Bibi mmoja wa Kiunguja kavua ukaya wake akanipepea mbele za watu, anasema, "Baba, angalia mbali, usiangalie chini." Neema ananishikia mfuko wa plastiki kwa mkono ule ule wa upinde. Kijana pembeni anarekodi. Kama mmeniona huko mitandaoni, ndiyo mimi, shati la mistari.

Lakini niseme ukweli. Kile chuo kina sauti. Unapanda ngazi, chumba hiki kuna udi, chumba kile ganuni, huku akodioni, kule mtu anagonga dumbak peke yake na amefumba macho. Wanafundisha taarabu, kidumbak, ngoma, na muziki wa Kizungu pia. Hakuna mtu aliyeniambia habari ya Maendeleo. Watu wanapiga tu. Kitabu niliona kimoja, kimewekwa chini ya mguu wa meza.

Tukakaa kwenye darasa la fidla. Mwalimu anapiga, wanafunzi wanaitikia. Mimi nasikia kitu hakijakaa sawa. Noti iko karibu na mahali pake lakini haijafika. Stesheni imekaa pembeni! Mkono wangu ukainuka wenyewe, unatafuta kitufe. Mwalimu akaona. Akanieleza kwa heshima kwamba ndivyo ilivyo. Muziki wa Kiarabu una noti zinazokaa katikati ya vitufe vya kinanda, kwenye hizo maqamu zao, na ndiyo maana fidla inapendwa, kidole kinakwenda popote. Nikaitikia kwa kichwa. Sikuelewa, lakini kuitikia najua.

Halafu akanipa dumbak. Eti nishike mdundo mwepesi, wageni hushirikishwa. Mdundo wenyewe watoto wadogo wanaupiga. Nikaanza. Darasa likaanza. Darasa likaenda, mimi nikabaki. Nikakimbiza, nikawapita. Nikasubiri wanifikie. Mwalimu akaweka kiganja juu ya ngoma yangu, polepole sana, kwa ule upole wa Kiunguja unaoumiza kuliko kofi. "Baba, pumzika. Umesafiri." Wanafunzi wakanipigia makofi. Makofi yao yote yalikuwa kwenye mdundo.

Mzee mmoja pale nje akanipa historia nikiwa napoa. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, alipenda taarabu ya Misri. Akamchukua Mohamed bin Ibrahim, akampeleka Cairo akajifunze ganuni, akarudi akafundisha wengine. Umesikia? Kasomeshwa nje ya nchi, muziki mtupu, gharama za ikulu! Hakujaza fomu. Hakutafuta mdhamini. Hakupiga picha ya pasipoti yenye nyuma ya bluu. Nikauliza kama utaratibu huo bado upo. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Basi nikarudi upande wa chuo cha muziki. Msimamo wangu katika jambo hili ulikuwa thabiti: nilikuwa nakubaliana na mtu aliyeongea mwisho.

Na kila mtu akaongea. Mwalimu wa kwaya akasema tunasahau Makumira, kule Usa River, Arusha. Chuo kikuu cha Walutheri, wana shahada ya muziki, na mtoto wetu Mlutheri. Nikasema amina. Shemeji yangu akasema kwa nini asiende Bagamoyo, kilomita kama 70 tu, kwenye ile taasisi ya sanaa, TaSUBa, iliyoanza 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa. Nikasema hilo nalo neno. Halafu nikaambiwa kule mtu anajifunza muziki, ngoma, maigizo na sarakasi. Sarakasi! Mama Neema akaniangalia. Nikasema sikukubali, nilikuwa nasafisha koo.

Hapa hapa kwa Mangi mkanimaliza kabisa. Mnakumbuka? Fundi wa pikipiki kasimama juu ya kreti: "Mbaraka Mwinshehe alikuwa na digrii gani?" Hakuna. "Siti binti Saad?" Hakuna, mtoto wa Fumba, alikuwa anauza vyungu, na mwaka 1928 kaenda Bombay kurekodi sahani za santuri. "Hukwe Zawose?" Hakuna, Mgogo na ilimba yake na zeze lake, kafundisha Bagamoyo, Wazungu walikuwa wanapanda ndege kuja kumsikiliza. Nikapiga makofi. Nikasema basi hata chuo haina haja, akae nyumbani! Nimeokoa ada!

Ndiyo yule kijana wa duka la bando akaharibu. Anajua kila kitu yule, bando halimuishii. Kasema, "Fundi, hao wote walifundishwa. Siti alifundishwa na Muhsin Ali kuimba na kupiga ala. Zawose alilelewa ndani ya muziki wa baba yake. Hicho ndicho chuo cha muziki, tofauti ni jengo." Halafu akaniongezea: Fela Kuti wa Nigeria, alipelekwa London mwaka 1958 akasome udaktari. Akafika, akajiandikisha Trinity College of Music. Udaktari! Nilikaa chini kwenye ndoo. Nilimfikiria baba wa watu, kwa jina tu, nikamwonea huruma. Kumbe baba mwenyewe alishafariki 1955, kijana akaniambia. Afadhali.

Nikamuuliza hakuna chuo cha bure huko duniani? Kipo. Curtis Institute, Philadelphia, hawatozi ada ya masomo toka 1928. Nikasema tumalize hapa hapa, naomba namba zao. Akasema wanachukua watu wachache mno, na mwaka 1951 walimkataa Nina Simone kwenye piano. Nina Simone! Wakampa shahada ya heshima mwaka 2003, siku mbili kabla hajafariki. Nikarudisha simu yake. Kama Nina Simone alisubiri miaka hamsini, mwanangu wa HGL mwenye fidla ya kuazima nitamwambia nini?

Sasa pesa. Nani kasema tusiongee pesa? Chuo kikuu kina jambo moja zuri kuliko maktaba. Bodi ya Mikopo. Ukiingia shahada, unaomba, ukipata unapewa bumu. Mimi bumu nilikuwa nimeshalipangia. Bati la karakana, kidogo. Mama wa chapati, kidogo. Upande wa stashahada mikopo nayo imeanza miaka ya karibuni, lakini imeelekezwa kwenye fani za kipaumbele, afya na ualimu na mambo hayo. Niliangalia orodha yote nikitafuta fidla. Nikaisoma tena kwa miwani ya Mangi.

Na kazi je? Maana mtu anasomea ili ale. Hapa ndipo mimi mwenyewe nilikaa nikafikiri, muda mrefu, mpaka pasi ya kulehemu ikatoboa meza. Shule inataka karatasi. Mtaala mpya ulioanza 2024 umeingiza sanaa shuleni, lazima mtu afundishe, na huyo mtu ataulizwa cheti kabla hajaulizwa wimbo. Wizara inataka karatasi. Chuo kikitafuta mwalimu kinataka karatasi juu ya karatasi. Lakini hoteli ya Nungwi haitaki karatasi. Bendi haitaki. Maharusi hawataki. Wanataka upige, sasa hivi, watu wameshakaa. Chuo kikuu kinakupa mlango wa kwanza, chuo cha muziki kinakupa wa pili, na mtu mwenye mlango mmoja tu anauona ule mwingine kila mwisho wa mwezi.

Mimi mwenyewe redio sikusomea popote. Nilikaa mgongoni kwa mjomba, nikimshikia tochi. Nikikosea ananigonga na bisibisi. Mikono yangu inajua vitu ambavyo mdomo hauwezi kuvieleza. Kuna kijana kamaliza chuo cha ufundi hapo jirani, ana cheti, kaning'iniza ukutani kwenye fremu. Wateja wanakwenda kwake kwa sababu ya fremu, halafu yeye anakuja kwangu jioni na redio zao kwenye mfuko. Nalipwa nusu. Sasa niambieni kati yetu nani kafaulu.

Hayo nikamwambia Neema, nikitegemea atalia au angalau atanyamaza. Akasema, "Ndiyo maana nataka yote mawili, Baba. Kwa zamu." Karatasi inaweza kusubiri, kasema. Chuo kikuu hakikimbii, mtu anaingia ana miaka thelathini na anapata. Mkono haungojei. Fidla kaanza kidato cha tano, wenzake duniani wameanza kabla ya darasa la kwanza, kila mwaka anaokaa kuandika kuhusu muziki wa bibi wa watu ni mwaka ambao vidole vinakauka. Kwa hiyo kwanza chuo cha muziki. Apige mpaka achoke. Akitoka na stashahada inayotambulika, na GPA ya 3.0 kwenda juu, Tume ya Vyuo Vikuu inaruhusu kuingia shahada kwa njia hiyo pia. Akifika Mlimani au Makumira atakuwa na kitu cha kuandika.

Mama Neema ndiye aliyeuliza swali la mtu mzima: hiyo stashahada inatambulika na nani, na imeandikwa wapi, na tumuulize nani kabla ya kulipa hata senti. Mimi nilikuwa nataka kuuliza hivyo hivyo. Nilikuwa namalizia chai.

Kikafuata kikao, safari hii nilialikwa. Uamuzi: Zanzibar. Kura tatu kwa sifuri. Mimi nilikuwa bado nauliza maswali, kura yangu ikahesabiwa. Bumu langu likaenda na maji. Mama wa chapati nimeanza kumpita kwa njia ya nyuma.

Sasa Neema kanipa orodha ya vitu vya kununua. Nyuzi za akiba. Kitabu cha nota. Stendi ya kuwekea kitabu. Na kipande cha utomvu wa kupaka upinde. Utomvu! Nikamwambia eleza. Kumbe upinde una nywele za farasi, na nywele zikiwa tupu zinateleza tu kwenye nyuzi, hakuna sauti. Lazima upake utomvu mgumu, unatengenezwa na ule unaotoka kwenye msonobari, ndiyo nywele zinashika uzi na kuufanya ulie.

Jamani. Kitu hicho ninacho! Miaka yote hii! Ule utomvu wa kahawia ninaochovya ncha ya pasi ya kulehemu ili risasi ishike kwenye waya, umetoka mti huo huo! Nina kopo zima! Nikaona hatimaye Mungu kanikumbuka. Katika muziki wote wa dunia hii, kuna idara moja ambayo mimi ndiye profesa. Nikamkatia kipande usiku, kimya kimya, nikampakia upinde mwenyewe ili akiamka akute tayari.

Kile kipande kilikuwa na vipande vya waya ndani, sawa. Kilikuwa na weusi kidogo, sawa, kitu cha kazi hicho. Neema kabeba upinde kwenda mazoezi ya kwaya bila kuangalia. Kwenye wimbo wa pili tu mwalimu kasimamisha watu wote, kanusa hewa, kauliza, "Nani kachoma redio?"

Nywele za upinde zimekuwa nyeusi tii. Hazioshwi, zinabadilishwa zote. Na fundi wa kuzibadilisha kumpata Dar hii ni shughuli, nimetafuta mpaka nimeelekezwa kwa kijana mmoja, kakaa chumba kisafi, kavaa glovu. Kanitajia bei. Bei ya redio tatu nzima, na spika zake. Nikamwambia, kaka, mimi pia fundi, nifanyie bei ya kifundi.

Akaniangalia juu mpaka chini, akaishika ile nywele nyeusi kwa vidole viwili, akaniuliza nimesomea wapi.